Gari Kwanza Shimoni: Fundi Oduor na Landrova Iliyokula Transfa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, miguu miwili imetokeza chini ya Landrova katika gereji moja kwenye mteremko wa Lubaga. Imevaa ndala zilizokatwa kwenye tairi kuukuu, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kinachezacheza. Wanaomjua Barnaba Oduor wanajua kwamba kidole hicho kikicheza, mwenye nacho huko chini hajui afanye nini.

"Fundi, umelala au umekufa?" anauliza Maimunah, mama wa Kinubi anayeuza chai hapo langoni.

"Nafikiri."

"Basi fikiri upesi. Wenzako wanamaliza mandazi."

Oduor anajivuta juu ya gunia mpaka kichwa kinatoka. Ni mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, na mafuta meusi yamemkaa kwenye mikunjo ya shingo kama yamechorwa. Hakuhitaji jeki wala shimo kuingia chini ya gari hili. Limeinuliwa juu sana, mtu anatambaa tu na kufanya kazi yake.

"Hii ni transfa ya tatu mwaka huu," anasema, akipangusa mikono. "Mbili zimekufa na mwezi wa sita haujaisha. Mimi fundi wa miaka ishirini na nne, sijaona gari inakula transfa kama mtoto anakula njugu."

Kwa asiyezijua gari hizi: nyuma ya geaboksi ya kawaida limeungwa sanduku jingine la chuma, zito kama nusu gunia la saruji. Hilo ndilo transfa. Linapokea nguvu kutoka kwenye injini na kuigawa, nyingine iende matairi ya nyuma, nyingine ya mbele. Likifa, injini itanguruma mpaka jioni na gari halitasogea hata hatua.

Hii ya tatu imepatikana kwa tabu, imetolewa kwenye gari lililopinduka huko njia ya Masaka. Ya nne haipo. Oduor amezunguka Kampala nzima, kuanzia Wandegeya mpaka Bukoto, akiuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayetafuta sukari ya magendo. Haipo.

Na Ijumaa gari hili linakwenda Moroto, huko Karamoja.

Landrova ni mali ya ofisi moja ya serikali. Anayeketi kiti cha mbele ni mkubwa mmoja, ambaye gereji nzima humwita Mkubwa tu, na habari hii nayo itamwita hivyo hivyo. Anayeshika usukani ni Otim, Mwacholi wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto wanne, anayeishi Bukoto na mkewe Lamunu.

Transfa ya kwanza ilipokufa, Mwezi wa Kwanza, Mkubwa alinung'unika tu. Ya pili ilipokufa, Aprili, njiani kutoka Soroti, alimwita Otim ofisini akafunga mlango.

"Aliniambia hivi," anasimulia Otim. "Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili ni uzembe. Mara ya tatu, sisi naita hujuma."

Mjini hapa, mwaka huu wa 1975, neno hilo moja ni zito kuliko transfa yenyewe. Mtu akibandikwa neno hilo huitwa akajieleze. Na si kila anayekwenda kujieleza hurudi kula chakula chake cha mchana.

Mambo yalianza kwa furaha. Mwaka jana Mkubwa alikwama siku mbili katika matope ya Karamoja, akalala ndani ya gari na mbu. Aliporudi aliamuru gari lipandishwe. Zubairi, mchomeleaji wa gereji, aliongeza majani ya springi aliyoyatoa kwenye lori bovu: mawili kila upande nyuma, na matatu mbele, ambako injini inalalia. Landrova ikasimama kama mbuni. Mkubwa aliizunguka mara mbili, akacheka, akampa Zubairi pakiti nzima ya sigara.

"Tulizivuta siku hiyo hiyo," anasema Zubairi. "Banange, kumbe tulikuwa tunavuta matanga yetu."

Fundi yeyote anajua gari likipandishwa huwa na ugonjwa wake. Ile propela, mti wa chuma unaozunguka kutoka kwenye transfa kwenda nyuma, huwa imenyooka karibu sawa na barabara. Ukilipandisha gari, propela inainama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Viungo vyake vinazunguka kwa kujikunja. Gari linatetemeka, beringi ya nyuma ya transfa inalegea, na sili yake, ule mpira unaozuia mafuta, inaanza kutoa machozi ya mafuta.

Kwa hiyo Mwezi wa Kwanza, Oduor alijua ugonjwa kabla hajafungua bolti hata moja. Alifungua akiwa na uhakika. Akakuta beringi ya nyuma nzima, inang'aa.

Iliyokufa ilikuwa ya mbele. Ilikuwa imeungua mpaka ikawa buluu kama shingo ya kanga, na meno ya gia za upande huo yameliwa kama ya ajuza.

"Nilichanganyikiwa," anasema. "Ni kama mtu anakwambia tumbo linamuuma, unampasua, unakuta tumbo ni zima na goti limeoza."

Hata hivyo alitibu alichokijua. Zubairi alikata kabari mbili za chuma, wakazipachika kati ya springi na ekseli ya nyuma, ekseli ikainua pua yake kuielekea propela. Sili ikabadilishwa. Mtetemeko ukaisha kabisa. Otim alilijaribu gari mpaka Mukono na kurudi, akasema limekuwa laini kama baiskeli mpya.

Aprili likafa tena. Beringi ile ile ya mbele, rangi ile ile ya buluu.

"Nikakaa chini," anasema Oduor. "Nikajiuliza, mimi ni fundi au ni mpishi?"

Tangu siku hiyo gereji ilikosa raha. Kila mtu alianza kumwangalia mwenzake. Wengine walisema ni mafuta. Siku hizi mafuta ya gia huja kwa debe, kutoka kwa watu wasiopenda maswali. Oduor aliyasugua kati ya vidole, akayanusa, akayachemsha kwenye kijiko. Yalikuwa mafuta. Mmoja akanong'ona kwamba kuna mtu anatia mchanga. Oduor akayachuja mafuta ya transfa iliyokufa kwa fulana yake mwenyewe, nyeupe, ya kanisani. Hakuona mchanga, ila vumbi la chuma na fulana iliyoharibika, na kwa ajili ya fulana hiyo mkewe Phelister hakumsemesha siku mbili.

Alipomsemesha, alisema jambo moja. "Baba Akinyi, twende kwetu Yala. Kule magari ni machache, na maneno pia."

"Na nikiondoka sasa?" akamjibu. "Fundi aliyekimbia. Otim watamfanya nini?"

Phelister alianza kufunga vyombo, sufuria ndani ya sufuria, na mpaka asubuhi hii ya transfa ya tatu hajavifungua. Anapika kwa moja tu.

Oduor alizaliwa karibu na Yala, upande wa Kenya, akasoma mpaka darasa la nne. Mwaka 1951 alipanda treni akaja Kampala, akapata kazi ya kuosha vyuma katika gereji hii hii. Mwenye gereji alikuwa mistri mmoja wa Kihindi, fundi mkuu, mzee Karsan, mtu mrefu, mwenye maneno machache na kitambaa cha mafuta begani.

"Hakunifundisha kwa kitabu," anasema Oduor. "Alikuwa na kanuni kumi na moja. Ukizifuata unakula. Ukiuliza sababu yake, unapigwa kitambaa usoni."

Kanuni nyingine zinaeleweka. Usigonge beringi mpya kwa nyundo tupu, weka kipande cha mti. Izungushe propela kwa mkono mara tatu kabla ya kushusha jeki. Nyingine hazina kichwa wala miguu. Ya kwanza, ambayo mzee aliirudia kila siku iendayo kwa Mungu, ni hii: gari kwanza shimoni. Hata kama ni kutazama mafuta tu, hata kama mteja ana haraka, gari lipande kwanza juu ya shimo la gereji, fundi aingie chini.

"Sisi vijana tulijua sababu," anasema Oduor. "Tulisema mzee ana mgongo mbovu, hawezi kutambaa, kwa hiyo na sisi hataki tutambae."

Mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa nchini, mzee Karsan aliondoka na wenzake, na sanduku moja la nguo. Asubuhi ya mwisho alimpa Oduor funguo na spana zake, akasema, "Barnaba, kumbuka kanuni." Hakueleza hata moja. Kanuni zilibaki Lubaga, sababu zake zikapanda ndege.

Gereji ikapata mmiliki mpya, ambaye huonekana mwisho wa mwezi. Oduor akabaki fundi wa mshahara, shilingi mia nne na hamsini. Mche wa sabuni, ukipatikana, unakula mshahara wa siku nzima, ndiyo maana shingo yake ina michoro ile.

Sasa turudi Jumanne hii, chini ya Landrova.

Transfa imeshafungwa. Kazi iliyobaki ni mafuta. Nyuma ya transfa kuna nati moja ambayo mafundi huiita nati ya kipimo. Unaifungua, unatia mafuta kidogo kidogo, na yakianza kumwagika kwenye tundu lake unajua sanduku limejaa. Oduor anatia. Mafuta yanamwagika. Anafunga nati, anajivuta nje, anakwenda kunywa chai akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi na hana furaha nayo.

Langoni Maimunah anagombana na dunia.

"Nani amechukua jiwe langu? Kila siku nawaambia, hili jiwe si la kuzuia magari yenu, ni la jiko langu!"

Ameliweka jiko mteremkoni bila jiwe la kulisawazisha. Anamimina maziwa kwenye sufuria, na maziwa yanafurika ukingoni, yanazima makaa kwa kelele.

"Mama, umejaza mno," anasema Oduor.

"Nimejaza nini? Macho yako unayaacha nyumbani? Chungulia huku juu, ukingo mkavu. Sufuria haijajaa, imelala tu! Nipe jiwe langu."

Oduor anachungulia. Upande wa chini maziwa yamefika ukingoni. Upande wa juu kuna nafasi ya kuweka kiganja kizima.

Kidole gumba kinaacha kucheza.

Anageuka, anautazama uwanja wa gereji kana kwamba ameletwa leo. Umeinama. Umeinama miaka yote. Lubaga ni kilima. Magari yote yameegeshwa pua ikitazama juu, yasije yakateleza yakaingia barabarani. Na Landrova pia iko hivyo hivyo, pua juu, mgongo chini. Nati ya kipimo iko nyuma.

"Zubairi!" anaita, na sauti inamtoka kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. "Toa hiyo Pijo shimoni! Sasa hivi!"

"Mzee, hiyo Pijo haina klachi."

"Isukume!"

Wanaisukuma. Halafu watu watano wanaisukuma Landrova mpaka inasimama juu ya shimo, mahali pekee pa gereji palipochimbwa na kupigwa saruji na mzee Karsan mwenyewe, sawa kama meza. Oduor anaomba chupa ya maji kwa Maimunah, anailaza juu ya chuma cha fremu, anatazama povu la hewa linakimbilia wapi. Linakimbilia mbele. Bado pua iko juu, kwa sababu Zubairi aliongeza majani matatu mbele na mawili tu nyuma. Wanainua nyuma kwa jeki mpaka povu linatulia katikati.

Ndipo Oduor anashuka shimoni, anapanda juu ya tairi kuukuu lililomo, anafungua nati ya kipimo. Haitoki hata tone. Anaingiza kidole. Kidole kinazama mpaka kifundo cha pili ndipo kinagusa mafuta.

Anatia tena. Sanduku linakunywa. Linakunywa chupa moja ya bia, linakunywa na nusu ya pili, ndipo linamwagika.

Zubairi anahesabu kwa midomo. Chupa moja na nusu, kwenye sanduku ambalo ujazo wake wote ni chupa tano na kidogo. Gari limekuwa likitumwa Karamoja likiwa na kiu. Na mafuta machache yaliyokuwemo yalikuwa yanalala nyuma kwa sababu gari lenyewe limeinua pua, ndiyo maana beringi ya nyuma iling'aa na ya mbele ikaungua.

"Na Landrova nyingine?" anauliza Zubairi. "Tunazihudumia kila wiki. Mbona hazifi?"

"Nyingine ni fupi," anasema Oduor polepole. "Fupi huwezi kuingia chini, lazima shimoni. Hii ni ndefu. Tukasema haihitaji shimo."

Anapanda kutoka shimoni, anaketi juu ya sanduku la soda. Mzee Karsan hakuwa na mgongo mbovu. Alikuwa na uwanja ulioinama.

Otim anakuja saa saba. Amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, kama watu wanavyovaa siku hizi wakiwa na hofu, ili wasishtakiwe na uchafu juu ya mengine.

"Keti," anasema Oduor.

"Ladit, mimi nasimama tu." Ladit ni mkubwa kwa Kiacholi. "Sema. Imekufa tena?"

"Haijafa. Otim, zile transfa mbili, ni mimi niliziua."

Otim anatazama langoni, halafu anatazama ukuta. "Punguza redio, Ladit."

Oduor anapunguza sauti, anaeleza. Uwanja, nati, sufuria ya maziwa. Anaeleza vibaya, anarudi nyuma, anachora kwa kijiti mavumbini. Otim anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anaanza kucheka. Anacheka mpaka anakohoa, mpaka Maimunah anamletea maji bila kuombwa.

"Mimi nilijua ni mimi," anasema, akifuta macho. "Mwezi wa Kwanza, kutoka Jinja, nilisahau ile lever. Nilikuja na gia ya matairi manne kwa lami, mpaka Mukono! Gari inalia, mimi najua ni barabara. Tangu siku ile mimi silali. Lamunu nauliza, ni nini? Nasema ni tumbo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie, halafu wewe uulizwe?"

Zubairi amesimama pembeni na miwani ya kuchomea kichwani. Anakohoa kidogo. "Hata mimi, ssebo. Nilijua ni springi zangu. Nilikuwa nimepanga kukimbilia kwa shemeji yangu Masaka. Jumamosi."

Wanatazamana. Watu watatu, miezi sita, kila mmoja amejihukumu kimya kimya na kumficha mwenzake.

"Basi tumwambie Mkubwa?" anauliza Zubairi.

"Tumwambie nini?" anasema Otim. "Kwamba kilima cha Lubaga ndiyo ilifanya hujuma? Wakikamate?"

Maimunah anacheka, kisha anaziba mdomo kwa ukaya.

Ijumaa asubuhi Oduor anampa Otim dawa ya safari. Kila maili hamsini simama. Weka kiganja juu ya transfa. Ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kuondoa mkono, endelea. Ukishindwa kufika tano, zima gari hapo hapo, hata kama Mkubwa anakutukana. Na mafuta usiyapime pa kuinama, tafuta uwanja wa mpira.

"Na kama bado itakufa?" anauliza Otim.

Oduor anafuta kioo cha mbele. "Hilo ndilo lilikuwa linanisumbua," anasema baadaye. "Propela nilitengeneza, mafuta nimejaza. Lakini je, ni hayo mafuta peke yake? Au kuna kingine sijakiona? Mtu akidanganywa na uwanja wake mwenyewe miezi sita, ataamini nini?"

Gari lingerudi Jumatatu. Jumatatu halikuja. Oduor alifunga geaboksi moja kinyume, akaifungua, akaifunga tena kinyume. Jumanne halikuja. Lamunu alifika gerejini na mtoto mgongoni, akasimama langoni, akapewa chai, akaondoka. Jioni ile Phelister aliitia sufuria ya mwisho ndani ya nyingine, wakala mihogo ya kuchoma.

Jumatano saa tisa alasiri, mlio unasikika kutoka chini ya kilima. Oduor anautambua kabla ya wengine. Anainua mkono, watu wote wananyamaza, nyundo zinanyamaza. Anasikiliza kama daktari. Hakuna mlio wa kusaga. Ni injini tu, na springi za lori zikilalamika kwenye mashimo.

Landrova inaingia na matope mpaka madirishani. Otim yuko peke yake, Mkubwa ameachwa nyumbani kwake. Anashuka, miguu imekufa ganzi, anashikilia mlango.

"Kwa nini umechelewa hivi?" Oduor anamfokea kama baba. "Mkeo amekuja hapa!"

"Pancha mbili, Ladit. Pancha tu! Transfa, ile ni baridi kama mtungi. Nimeshika mpaka kiganja yangu nanuka gia."

"Na Mkubwa?"

"Aliniuliza, wewe nashika nini tumbo ya gari kila mara? Nikasema, Afande, mimi nasalimia gari."

"Akasema?"

"Akasema nisalimie vizuri, njia bado ndefu."

Gereji nzima inacheka. Maimunah anasema wa kusalimiwa kwanza alikuwa Lamunu, si gari, na Otim anakubali, lakini haondoki. Anataka kuona ndani ya sanduku. Oduor pia anataka.

Pijo isiyo na klachi inasukumwa tena. Landrova inapanda juu ya shimo, chupa ya maji inalazwa, jeki inainua nyuma. Oduor anashuka shimoni na spana, na hapo kunatokea shida ambayo hakuna aliyeifikiria: lile tairi kuukuu limeshakatwa ndala. Gari ni refu na shimo lilichimbwa kwa magari mafupi. Ananyoosha mkono, haifikii nati. Anaruka kidogo. Haifikii.

Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta wa gereji, kuna maandishi mapya ya chaki. Ni kanuni kumi na moja za mzee Karsan, Oduor ameziandika moja chini ya nyingine siku zile za kungoja. Pembeni ya kila moja ameacha nafasi ya sababu. Nafasi tano zimejazwa. Ya kwanza imejazwa kwa herufi kubwa: UWANJA UMEINAMA. Sita ziko wazi.

Mpango wake ni kuzijaza zote. Angeweza kumwandikia mzee barua, anwani anayo, lakini barua za kwenda huko ng'ambo siku hizi husomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo atazitafuta mwenyewe, moja moja, kwenye vyuma. Na akipata saruji, hata magunia sita, atasawazisha nusu ya uwanja, mwenye gereji akubali asikubali. Phelister amempa mpaka Krismasi. Leo asubuhi alifungua sufuria mbili.

Otim anasoma ukutani, akifuata kwa kidole. "Hii ya saba, Ladit. Usifungue transfa ikiwa moto. Sababu yake?"

"Sijui bado."

"Sasa tunafuata tu, bila kujua?"

"Tunafuata mpaka tujue."

Otim anashusha sauti. "Kanuni bila sababu, tunazo nyingi mjini hapa."

"Hizo ni nyingine," inajibu sauti kutoka shimoni. "Hizi ni za gari. Mama Maimunah! Niletee lile sanduku la soda, nipande."